Mlangoni kwa Matilda

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa goti. Nilikuwa nafuta meza ya jikoni, nikainua karatasi za dada Valeria ili nipitishe kitambaa, na kwenye karatasi moja palikuwa na picha ya kale ya rangi. Mfalme mwenye taji amepiga goti sakafuni. Mbele yake amekaa mwanamke chini ya tao, amenyoosha mkono kama mtu anayesema subiri kwanza. Pembeni yupo mtawa mzee na fimbo yake.

Niliitazama mpaka maji ya kitambaa yakaanza kudondoka miguuni mwangu. Kwenye kalenda za kanisa nilishaona wafalme wengi wamepiga magoti, lakini wote walikuwa mbele ya Mtoto Yesu. Huyu mwanamke hakuwa na mtoto mapajani. Alikuwa peke yake, na mfalme alikuwa anamwomba yeye.

Nilimuuliza dada Valeria huyo ni mtakatifu gani.

"Si mtakatifu," alisema. "Huyo ndiye anayeninyima usingizi. Anaitwa Matilda."

Dada Valeria ni binti wa baba mkubwa wangu, Bonaventure. Tulikuwa tunaishi watatu kwenye ghorofa la zamani pale Weston, Toronto, upande wa mto Humber, orofa ya nne. Baba mkubwa alikuwa amestaafu kazi ya mitambo hospitalini, na mkewe alishafariki. Dada alikuwa anasoma historia chuo kikuu, shahada ya pili. Mimi nilikuwa nasafisha ofisi mjini, naondoka na treni ya alfajiri na kurudi saa nane mchana.

Mimi ni mtoto wa mdogo wake baba mkubwa. Wazazi wangu walipofariki nilibaki kijijini Kibosho kwa bibi, na bibi alipoanza kuugua miguu niliacha shule, darasa la tano, ili nimuuguze. Bibi naye alipofariki, baba mkubwa alihangaika na watu wa uhamiaji miaka mitatu mpaka akanileta Kanada. Nimerithi jina la bibi, Elinaza. Kwa hiyo baba mkubwa hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita mama.

Majira yale ya baridi, mwanzoni mwa mwaka 2014, nikirudi kutoka kazini nilikuwa namkuta dada jikoni na karatasi zake. Mimi namenya ndizi, yeye ananieleza habari za Matilda. Alisema akinieleza mimi kwa Kiswahili ndipo anagundua nini bado hajakielewa. Sikuwa mtu wa maneno mengi, na nadhani hiyo ndiyo sababu nyingine iliyomfanya aongee nami.

Matilda aliishi Italia karibu miaka elfu moja iliyopita. Baba yake alikuwa mtawala mkubwa, akauawa porini akiwinda, Matilda akiwa mtoto wa miaka sita hivi. Kaka yake na dada yake wakafa. Kaisari wa nchi za kaskazini akamchukua yeye na mama yake akawaweka kizuizini Ujerumani. Nikamuuliza dada waliteswa? Akasema hapana, lakini hawakuwa na ruhusa ya kuondoka. Baadaye wakarudi kwao. Mama yake alipofariki, Matilda akiwa na miaka thelathini tu, nchi yote ikabaki mikononi mwake, kutoka mabonde ya mto mkubwa kaskazini, milima na ngome zake, hadi karibu na Roma.

"Na wanaume wakakubali?"

"Wengine hawakukubali. Lakini alikaa kwenye kiti cha hukumu, watu wakaja na kesi zao za mashamba, akaamua. Maaskofu walikuja. Alisoma Kilatini. Alikuwa na askari wake."

Niliacha kumenya. Kwetu mambo ya mashamba yanaamuliwa chini kwenye migomba, wazee wamekaa kwenye viti vilivyoazimwa, na sisi tunaleta chai. Tukishaweka chai tunaondoka. Nilijaribu kumuona mwanamke amekaa katikati yao, hana trei mkononi. Sikuweza, ikabidi nirudi kuiangalia picha.

Kisha akanieleza kisa cha goti. Mfalme alikuwa ndugu wa Matilda kwa ukoo, na aligombana na papa kuhusu nani mwenye haki ya kuweka maaskofu. Papa akamtenga na kanisa. Wakuu wa nchi yake wakamwambia asiposamehewa, ufalme basi. Akavuka milima katikati ya baridi kali na mke wake na mtoto mdogo, akamfuata papa mpaka kwenye ngome iliyo juu ya mwamba, mahali panapoitwa Canossa. Akasimama nje ya mlango siku tatu, hana viatu, kwenye theluji, amevaa nguo ya sufu kama maskini.

Dada alisema vitabu vingi vinabishana kama aliyeshinda ni papa au ni mfalme.

"Nyumba ilikuwa ya nani?" niliuliza.

Nilitaka kujua tu, kwa sababu nilikuwa nawaza nani alikuwa anawapikia watu wote wale siku tatu.

Dada akaweka kalamu chini. "Ya Matilda," alisema. "Ngome ilikuwa ya Matilda. Na waliokwenda kwa papa kumwombea mfalme walikuwa Matilda na huyu mtawa mzee." Akaniangalia. "Papa mwenyewe aliandika kwamba waliokuwa ndani ya nyumba walimlilia, mpaka wengine wakamwambia huo ni ukatili. Siku ya nne mlango ukafunguliwa."

Nikafikiri juu ya huyo mwanamke. Nje amesimama mfalme, ndani amekaa papa, na yeye anatembea katikati yao kwenye nyumba yake mwenyewe, akijua akinyamaza mtu atakufa kwa baridi. Mwili ulinisisimka kama wakati kwaya inapoanza.

Siku nyingine dada alinionyesha jinsi Matilda alivyokuwa akitia sahihi. Alichora msalaba, kisha kuuzunguka yakaandikwa maneno ya Kilatini. Dada akayageuza: Matilda, kwa neema ya Mungu, kama ni kitu.

"Kama ni kitu?"

"Kama yeye ni kitu chochote. Ndivyo alivyoandika."

Mwanamke ambaye mfalme alimpigia goti aliandika hivyo. Mimi pia maisha yangu yote nilikuwa najiambia hivyo, sema mimi niliishia hapo. Yeye aliandika kisha akaendelea na kazi ya kutawala.

Ingekuwa hadithi ya vitabuni tu kama baba mdogo Festus asingekuja kusimama chini ya ghorofa letu.

Baba mdogo Festus ni ndugu wa mwisho wa baba mkubwa. Alikuwa anaishi Brampton, anafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Kutoka Brampton hadi Weston si safari, lakini miaka sita ndugu hao wawili hawakuwa wamesalimiana. Ugomvi ulikuwa juu ya mazishi ya bibi.

Bibi alifariki Februari mwaka 2008. Baba mdogo alikuwa ameshafika Kibosho tangu bibi alipozidiwa, na baba mkubwa alikuwa bado Toronto. Mwaka ule theluji ilianguka vibaya sana, ndege zikaahirishwa. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini kwa mama yake. Lakini bibi alizikwa Jumamosi, na baba mkubwa alifika Jumatatu, akakuta maua yameshanyauka. Hakukaa msibani na mdogo wake. Alilala siku moja, akarudi.

Baba mkubwa alisema alipiga simu Ijumaa asubuhi, saa za Kibosho, kwenye simu ya Festus. Alisema wamsubiri mpaka Jumatatu, akajibiwa ndiyo. Baba mdogo alisema hakupata ujumbe wowote. Alisema yeye mwenyewe alipiga simu mara mbili, haikupatikana, na wazee wakasema mwili umekaa siku tano, hawawezi kungoja mtu ambaye hajulikani yuko wapi. Kila mmoja alimwona mwenzake mwongo.

Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Mimi nilijua, kwa sababu simu ile niliipokea mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Simu ya baba mdogo ilikuwa inachajiwa jikoni, sisi wasichana tunapika. Iliita, nikaipokea kwa sababu nilikuwa karibu. Sauti ilikuwa inakatikakatika. Alisema, mwambieni Festus uwanja wa ndege umefungwa kwa theluji, nafika Jumatatu, msizike bila mimi. Nikasema ndiyo. Ikakatika. Nikachukua trei ya chai kama kisingizio, nikaenda chini ya turubai walipokuwa wamekaa wazee na baba mdogo. Walikuwa wanaongea mambo ya kaburi. Nilisimama. Mzee mmoja akasema, mtoto, weka hapo uende. Nikaweka, nikaenda. Nikajiambia nitamwambia baba mdogo akiwa peke yake. Hakuwa peke yake hata mara moja mpaka bibi akawa chini ya udongo.

Na katika miaka sita hakuna aliyeuliza ni nani aliyesema ndiyo. Nyumba ilikuwa imejaa wasichana.

Baba mdogo alianza kuja Jumamosi ya kwanza ya Februari. Alikuwa ameamua kurudi Tanzania moja kwa moja, na hakutaka kuondoka bila kuagana na kaka yake. Alibonyeza kengele ya mlango wa chini, baba mkubwa akasikia jina kwenye spika ya ukutani, hakujibu wala hakufungua. Basi akatoka akasimama nje uwanjani, mahali ambapo mtu wa orofa ya nne akichungulia dirishani atamwona. Alivua kofia. Alisimama saa nzima kwenye baridi ile, kisha akaondoka.

Baba mkubwa alikaa kwenye kiti chake, runinga imewashwa bila sauti. Alisema, bila kugeuka, kwamba mtu aliyekosa anajua la kufanya. Alete isale.

Isale ni mmea wa kwetu, tunaupanda mipakani na makaburini. Mtu akimkosea mwenzake anachukua jani lake, analifunga fundo, analipeleka. Likishapelekwa, halikataliwi. Hata kama ulikuwa umeapa, jani la isale ukiletewa unalipokea, na ukishalipokea umesamehe.

Jumamosi ya pili alikuja tena. Nilimshushia chai kwenye chupa. Alikuwa na theluji kwenye nyusi.

"Eli, siku hizi unaogopa hata kuniangalia," alisema. "Nimezeeka hivyo?"

Nikacheka kidogo, nikaangalia viatu vyake. Nikamuuliza kwa nini asilete jani, mambo yaishe.

"Jani ni la aliyekosa, mwanangu. Mimi sikupata ujumbe. Nikimpelekea isale nitakuwa nimekubali kwamba nilijua na nikamdharau. Hapo nitakuwa nimemdanganya kaka, na mama yetu aliyelala nimemdanganya pia." Akanirudishia kikombe. "Tiketi yangu ni Jumanne, siku kumi kuanzia leo. Jumamosi nitakuja mara ya mwisho."

Nilipanda na lifti nikiwa nimeshika kikombe kile kwa mikono miwili. Dada Valeria alikuwa dirishani. Alikuwa ameshaona jinsi jambo lile lilivyofanana na la Canossa, na alimwambia baba yake kwa Kiingereza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili na mimi nisikie.

"Baba, hata papa alikaza siku tatu tu."

"Papa hakuzikiwa mama," alisema baba mkubwa.

Dada akarudi kwenye karatasi zake. Mimi niliona kitu ambacho yeye hakukiona, kwa sababu mimi ndiye ninayefua mapazia. Pazia la dirisha lile lilikuwa limekunjamana mahali pamoja, kwa urefu wa mkono wa baba mkubwa. Kila Jumamosi, sisi tukiwa jikoni, alikuwa anakwenda kumtazama mdogo wake.

Wiki ile sikulala vizuri. Nilipokuwa nasafisha vioo nilikuwa namwona Matilda. Nilimuuliza dada jambo moja: Matilda alipata nini kwa kumwombea yule mfalme? Dada akasema alipata shida. Baada ya miaka michache mfalme yuleyule alimgeukia kwa vita, akachukua miji yake, akamwita msaliti. Watu wengi wakamkimbia Matilda. Yeye hakukimbia. Siku moja jeshi la mfalme lilirudi kwenye mlima uleule wa Canossa, ukungu ukashuka, watu wa Matilda wakalishambulia kutoka ngomeni mpaka likarudi nyuma. Akatawala mpaka uzeeni, na karne nyingi baadaye wakauhamisha mwili wake wakauzika Roma, ndani ya kanisa kuu la Petro, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo.

"Lakini siku ile mlangoni hakujua hayo yote," dada alisema. "Alijua tu kwamba ni yeye peke yake anayeweza kwenda pande zote mbili."

Aliendelea kuandika. Mimi nilikwenda chumbani nikakaa kitandani na viatu.

Ofisini tulikokuwa tunasafisha kulikuwa na ua kubwa kwenye chungu, karibu na mashine ya fotokopi. Nilikuwa nalimwagilia miaka miwili. Majani yake ni mapana, marefu, yana mstari wa njano katikati. Ijumaa ile niliinama kulifuta vumbi, jani moja likanigusa shavuni, na harufu yake ikanirudisha mpakani mwa shamba la bibi. Nikalitazama vizuri. Shina lake ni lilelile, na jani linavyotokeza na kujikunja ni vilevile. Ilikuwa isale. Imewekwa ndani ya jengo, mbali na udongo wowote, watu wanapita nayo kila siku wamebeba kahawa, hakuna anayejua kwamba inaweza kumaliza ugomvi wa miaka sita.

Nilimwomba Ildefonce, Mkongo aliyekuwa msimamizi wetu, ruhusa ya kukata jani. Kuomba tu kulinichukua nusu ya asubuhi. Aliuliza kama naenda kulifanya mboga ya ugali. Nikasema ni dawa ya nyumbani. Akasema nichukue hata matatu, ua lile halina mwenyewe. Nilikata moja, nikalifunga fundo kwenye treni, nikaliweka ndani ya koti kifuani lisipigwe na baridi.

Jumamosi baba mdogo alikuja. Upepo ulikuwa unatoka mtoni, theluji inakwenda kwa upande. Alibonyeza kengele, jina lake likasikika sebuleni. Dada Valeria alisimama karibu na kitufe cha kufungulia mlango, anamtazama baba yake. Baba mkubwa alitikisa kichwa. Tukamwona baba mdogo anatoka uwanjani, anavua kofia.

Niliingia chumbani nikalitoa jani. Nikajiambia maneno ya Matilda, yale ya kama ni kitu, nikatoka.

Nilipiga magoti mbele ya kiti cha baba mkubwa, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Alikuwa anaangalia runinga. Macho yake yaliposhuka na kuona fundo, mkono wake ulitoka wenyewe ukalipokea kabla hajafikiri, kama mikono ya wazee wetu wote ilivyofundishwa. Ndipo akalitazama.

"Hili limepakwa rangi?" aliuliza.

"Hapana. Za huku zina mstari."

Aligeuza jani huku na huku. Nikaona kidevu chake kinacheza. Alivuta pumzi kama mtu anayetua mzigo, akasema kwa sauti ya chini, "Basi Festus amekubali. Valeria, mfungulie baba yako mdogo."

Dada akainua mkono kwenye kitufe. Hapo ningeweza kunyamaza. Mlango ungefunguliwa, baba mdogo angepanda, wangekumbatiana, na mimi ningekwenda kuchemsha chai. Lakini angepanda akiwa amesamehewa kosa ambalo si lake, kwa jani ambalo hakulituma, na akiulizwa angekana, na mambo yangeharibika upya. Na hata kama asingeulizwa, mimi ningekuwa tena nimeweka trei na kuondoka.

"Baba mkubwa, si la baba mdogo."

Aliniangalia. Dada naye akaniangalia, kidole bado kiko juu ya kitufe.

"Ni la nani, mama?"

Sauti yangu niliisikia inatoka kubwa kuliko nilivyoizoea, kama ya mtu mwingine aliyekaa kwenye kiti chake ndani ya nyumba yake.

"Ni langu. Simu ile niliipokea mimi. Ulisema msizike bila mimi, nikasema ndiyo, nikaenda mpaka mbele ya baba mdogo na trei ya chai, na sikumwambia."